Sio kila anaeongea Kihispania ni Mmeksiko: niliyoyaona jikoni Chicago

Sisi Wabongo tukifika Marekani huwa tuna jina moja tu kwa mtu yeyote wa maji ya kunde anaeongea Kihispania, Mmeksiko. Fundi bomba Mmeksiko, anaekata majani Mmeksiko, dada wa duka la kona Mmeksiko, hata yule mcheza besiboli mweusi tii kwenye tivii akishaitwa Rodríguez basi nae tunampa uraia wa Meksiko. Naandika haya kwasababu mdogo wangu anakuja huku mwaka huu na kashaanza maswali, eti dada Walatino (hawa wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini) ni watu gani, ni kabila, ni wazungu, ni waarabu, nikaona badala ya kumtumia voisi noti za dakika kumi kumi bora niandike na wengine wasome.

Mimi shule yangu ilikuwa jiko la hoteli moja kubwa katikati ya mji wa Chicago, upande wa vyakula baridi, kukata matunda, kuosha saladi, kupanga trei za watu wa mikutano. Mashefu wenye kofia ndefu na watu wa ofisini walikuwa wazungu, huku chini kwenye visu na masinki ni Kihispania tupu. Kingereza changu cha Tanga nilichokuwa nakiogopea kila siku hakina hata kazi, kuomba kisu kwa Kihispania, kuomba taulo kwa Kihispania, ukipita nyuma ya mtu mwenye sufuria ya moto unapiga kelele "atrás!" la sivyo mnamwagikiana supu. Wakanipa na jina, Morena, yaani mweusi. Siku za mwanzo nilinuna kweli, nikajua natukanwa, mpaka nilipoona mnene wanamwita Gordo, mwembamba Flaco, na dada mmoja anaitwa Güera yaani mweupe na huo weupe wenyewe ni wa kutafuta na tochi. Nikaona aa, kumbe hapa ni utani kama nyumbani, nikaitika.

Kilichonifanya nianze kuwatazama mmoja mmoja ni swali la mama mmoja wa jimbo la Puebla, Meksiko, sote tulimwita Doña kwa heshima, ndo mkubwa wetu pale. Tuko breki tunakula akaniuliza wewe makaratasi ulipataje. Nikamjibu kweli, grinkadi loteri, nilijaza fomu intaneti kafe pale Tanga, jina likatoka, nikaenda ubalozini Dar nikapewa viza. Meza nzima kimya. Nikaambiwa nirudie. Wengine walidhani nawafanyia mzaha, bahati nasibu ya kuingia Marekani inawezekanaje!! Hawajawahi kuisikia na kwanini waisikie wakati wao hawaruhusiwi kucheza. Ile loteri ni ya nchi ambazo hazina watu wengi wanaohamia Marekani, nchi ikishaleta zaidi ya watu elfu 50 kwa njia za kawaida ndani ya miaka 5 inatolewa kwenye orodha, na Meksiko haijawahi kuwemo tangu ianze, El Salvador na Jamhuri ya Dominika hivohivo, Honduras na Venezuela wameongezewa hilo katazo miaka ya karibuni.

Sasa nikauliza swali la kibongo, si uombewe na ndugu? Doña ana dada yake raia kabisa. Akanieleza taratibu kama unavyomueleza mtoto. Kwa mtu wa Meksiko foleni ya ndugu kumuombea ndugu inapita miaka 20, ishirini sio mbili. Halafu kuna sheria ya 1996, ukiishi bila karatasi zaidi ya mwaka mmoja kisha ukatoka nje, hata kama umetoka kwenda kuchukua viza yako halali, unafungiwa miaka 10 kurudi. Kwahiyo wewe unaesema kwanini hawa watu hawajipangi wakafuata utaratibu, utaratibu wenyewe ndo huo, toka nje ukae miaka kumi mbali na watoto wako wakati zamu yako yenyewe bado. Na kila wiki mbili anakatwa kodi sawasawa na mimi na hela ya uzeeni anakatwa, ya kwangu itanisubiri, ya kwake sijui nani ataila. Yeye alipita jangwa la Arizona kwa miguu, mimi nilishuka uwanja wa ndege wa O'Hare na begi la Kichina na chupa ya achari. Toka siku ile nikawa na tabia moja, kila mtu mpya akija jikoni namsikiliza huyu mlango wake wa kuingilia ulikuwa upi, maana ukijua mlango unaelewa mambo yake mengi, hasira zake, woga wake, hata anavyobishana na bosi.

Mlango wa ajabu kuliko yote ni wa Puerto Rico. Wao hawakuingia Marekani, waliingiliwa. Mzee aliyekuwa anasimamia waosha vyombo alikuwa wa huko na ukitaka kumuudhi muulize karatasi. Mwaka 1898 Marekani ilimpiga Mhispania ikachukua kisiwa chao, 1917 bunge la Washington likawapa uraia, muda uleule Marekani inaingia vita kuu ya kwanza na vijana wao wakaandikishwa jeshini. Pasi ni ya Marekani, jeshi ni la Marekani, hela ni dola, ila mtu akiwa anaishi kisiwani hapigi kura ya rais. Akipanda ndege akahamia Chicago anapiga. Yuleyule! Mzee akilielezea hili anapiga meza mpaka vijiko vinaruka na mimi nakiri hadi leo sijaona mtu wa kunielezea ile mantiki yake.

Alinipeleka mtaani kwao Humboldt Park jumapili moja, tukatembea Division Street ambako kuna bendera mbili kubwa mno za Puerto Rico, za chuma, zimevuka barabara nzima juu, ziliwekwa 1995, kipande cha kati yake wanakiita Paseo Boricua. Mtu anaepita na gari atasema pambo zuri. Mzee anazitazama tofauti kwasababu mtaa uleule mwaka 1966, siku ya gwaride la Puerto Rico, polisi alimpiga risasi kijana wao na mtaa ukawaka moto siku kadhaa, magari ya polisi yakachomwa, yeye alikuwa mtoto anachungulia dirishani. Baada ya hapo ndo wakaanza kujipanga, vyama, shule, siasa. Halafu akanilisha jibarito, sandwichi ambayo badala ya mkate ni ndizi mbichi iliyobanwa ikakaangwa, nyama katikati na kitunguu saumu cha kutosha, na hiyo haikutoka kisiwani, imezaliwa hapahapa Chicago miaka ya 90. Mimi mtoto wa pwani kwenye ndizi ya kukaanga sina pingamizi.

Ila msidhani hawa watu wote wanapendana. Jikoni kwetu mtu wa Puerto Rico na mtu wa Meksiko walikuwa wanachambana kila siku, huyu anaringia uraia, yule anasema nyie na uraia wenu mmeshindwa kufika kazini saa kumi na moja alfajiri. Lafudhi wanachekana, Mkaribea anameza herufi nusu, Mmeksiko anaimba. Mpira mmoja anaangalia besiboli mwingine futboli. Mchele na maharage yenyewe ni ugomvi, maharage meusi au mekundu, yachanganywe na wali au yakae pembeni. Mkikaa nao mtaona jina moja la Latino ni la kujazia fomu, wenyewe wakiulizwa wanataja nchi, wakibanwa zaidi wanataja kijiji.

Na kuna mlango mwingine ambao sio mlango kabisa. Alikuja kijana mmoja toka San Antonio, Texas, jina la Kihispania, sura hiyohiyo, mkamsemesha Kihispania anajibu kwa kukwamakwama, Doña na wenzake wakawa wanamcheka eti no sabo, yaani "sijui" iliyokosewa, ndo jina la utani la Mlatino asiyejua Kihispania. Siku moja akachoka akasema familia yetu haijawahi kuhamia Marekani, tulikuwa pale toka Texas iko Meksiko. Ni kweli kihistoria. Texas ilijitenga 1836, Marekani ikaichukua 1845, vita ikafuata, na kwenye mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 Meksiko ikapoteza karibu nusu ya nchi yake, California yote, Nevada, Utah na vipande vya mikoa mingine mikubwa mikubwa, watu wakalala Meksiko wakaamka Marekani. Wana msemo wao, sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndo ulituvuka. Na Kihispania chake kilipotea kwasababu bibi yake alikuwa anachapwa shuleni akikiongea, akaapa watoto wake hawatapigwa kwa ajili ya lugha, akawalea kwa Kingereza. Nilivyosikia hivo nikanyamaza maana na mimi wangu wawili ukiwasemesha Kiswahili wanajibu "yes mama", na hakuna mtu aliyewachapa.

Wengine babu zao waliitwa kabisa. Vita vya pili Marekani ikiwa haina watu mashambani ilifunga mkataba na Meksiko, mpango wa braseros, kuanzia 1942 mpaka 1964, mikataba zaidi ya milioni 4 ya vibarua wa kuvuna mboga na kujenga reli. Na kabla yake, miaka ya 30 hali ya uchumi ilipokuwa mbaya walikuwa wamewapakia watu hawahawa kwenye treni kuwarudisha, laki kadhaa, wamo na waliozaliwa Marekani. Wakiwahitaji wanawaita, wakishiba wanawafukuza, Doña alikuwa anasema hivi huku anamenya tikiti maji wala hainui kichwa.

Nae huyo Doña ndie aliyenifundisha habari ya Mei Mosi, mimi ninaetoka nchi ambayo Mei Mosi ni sikukuu na fulana za bure na mgeni rasmi! Sikuwa najua kama chanzo chake ni Chicago, mgomo wa wafanyakazi wa 1886 wa kudai masaa nane na vurugu za Haymarket, na Marekani yenyewe hawaiadhimishi, siku yao ya wafanyakazi wameipeleka Septemba. Mei Mosi ya 2006 Walatino waliacha kazi wakajaa barabarani kupinga muswada wa kuwafanya wasio na karatasi kuwa wahalifu, Chicago peke yake watu laki kadhaa, Doña akiwemo na mtoto mgongoni. Kwahiyo walioirudisha Mei Mosi pale ilipozaliwa ni hawa wapika tamales, yale maandazi ya unga wa mahindi ya kuchemshwa kwa mvuke, na waosha vyombo.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wetu hawalijui kabisa, weusi. Aliajiriwa kaka mmoja upande wa grili, mweusi kunizidi mimi, nikamkimbilia kwa furaha nikijua nimepata Mwafrika mwenzangu, nikamuuliza wa wapi, Ghana? Akanijibu kwa Kihispania kuwa yeye ni wa Honduras. Ni Mgarifuna. Wazee wao ni Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent huko Karibea, hawakukubali kutawaliwa, wakapigana na Mwingereza, alipowashinda akawapakia kwenye meli na mwaka 1797 akawatupa kisiwa cha Roatán pwani ya Honduras. Wakasambaa pwani yote mpaka Guatemala, Belize, Nikaragua. Lugha yao sio Kihispania wala sio ya Afrika, mizizi yake ni kwa wenyeji wa kule visiwani, na ngoma zao na lugha yao UNESCO ilizitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2001. Nilialikwa kwao nikaletewa hudut, samaki wa mchuzi wa nazi na ndizi zilizotwangwa kwenye kinu, kinu jamani, cha mti!! Nikaona na mikate ya muhogo imepangwa. Nilikula nikamwambia mama yake kama asingekuwa anaongea Kihispania ningeapa niko Pangani.

Yeye alikuwa na taabu yake. Mitaani polisi anamuona mtu mweusi basi, kwenye ofisi anaitwa Mlatino, na kwa Walatino wenzake anaulizwa Kihispania ulijifunzia wapi. Alikuwa anacheka akisimulia ila sio kicheko.

Na alivyokuja yeye ndo dada mmoja wa jimbo la Guerrero, upande wa pwani wanauita Costa Chica, akafunguka kwamba bibi yake mzaa baba ana nywele kama zangu. Kwao wakiuliza wanaambiwa ni jua tu la baharini. Jua gani linakunja nywele? Meksiko waliletwa Waafrika wengi wakati wa Mhispania, na rais wa pili wa nchi hiyo, Vicente Guerrero, ambae jimbo limepewa jina lake, alikuwa na damu ya Kiafrika na ndie aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829, Marekani ilikuwa bado miaka zaidi ya 30 mbele. Lakini sensa ya Meksiko kuwauliza watu wote swali kama wewe ni mtu wa asili ya Afrika ni mpaka 2020, wakajitokeza zaidi ya milioni 2 na nusu. Dada alinionesha video za kwao, ngoma ya mashetani wanayocheza siku za wafu kule Cuajinicuilapa, vinyago vyenye ndevu za manyoya ya farasi, miguu inapiga chini kwa pamoja.

Ndo nikapata hamu ya kusoma na nikakuta hesabu ambazo shuleni kwetu hatukupewa. Kati ya Waafrika karibu milioni 10 na laki 7 waliofikishwa hai ng'ambo ya Atlantiki, walioshushwa moja kwa moja Marekani hii ni kama laki 4 tu hazifiki. Brazil peke yake karibu milioni 5, wengine wa kutosha wakipitia Msumbiji jirani zetu kabisa. Kwahiyo sehemu kubwa sana ya ndugu zetu waliopelekwa waliishia kwenye Kireno na Kihispania, na sisi tukisema Mmarekani mweusi akili inaenda Atlanta.

Kwenye fomu za sensa za Marekani hili jambo linakuwa vichekesho. Mwaka 1930 waliandika "Mmeksiko" kama rangi, wenyewe na serikali yao wakalalamika ikafutwa. Baadae viongozi wa Wameksiko, wa Puerto Rico na Wakuba wakaona wakihesabiwa mbalimbali hawapati kitu, wakisimama pamoja wanapata shule na viti, serikali nayo ikataka hesabu, sensa ya 1980 ikauliza watu wote swali la asili ya Kihispania na 2000 neno Latino likaongezwa. Ila likawa swali la pembeni, la rangi linakuja peke yake. 2020 nilikuwa nawasaidia watu kujaza kwenye simu wakati wa breki, wakifika kwenye rangi wanakwama. Mweupe? Hapana. Mweusi? Hapana. Mhindi mwekundu? Labda bibi. Wanaweka "nyingine". Na sio wa jikoni kwetu tu, kati ya Walatino milioni 62 waliohesabiwa mwaka ule zaidi ya wanne katika kila kumi walichagua hiyo "nyingine" peke yake. Yule kaka wa Garifuna ndie pekee aliyejaza bila kusita, Mlatino ndio, mweusi ndio, akanirudishia simu akaenda kugeuza nyama. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa maswali mawili yataunganishwa liwe moja, Walatino weusi wengine wakawa na wasiwasi watapotea humohumo, mi naona wana haki ya kuwa nao.

Kuna bwana mmoja wa Guatemala sikutaka kumsahau japo alikuwa haongei. Nilidhani ana dharau, kumbe Kihispania ni lugha yake ya pili kama mimi, kwao wanaongea Kikiche, lugha ya Wamaya. Nchi yao ilikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe 1960 mpaka 1996, waliokufa na kupotea wanakadiriwa laki mbili na wengi wao ni Wamaya wa vijijini. Sisi wawili tulikuwa tunaongea Kihispania kibovu taratibu na tulielewana kuliko wote pale.

Chakula siwezi kukiacha. Mimi ni Muislamu na hakuna vyakula vimejaa nguruwe kwa siri kama hivi, maharage unayaona ya kawaida kumbe yamekaangwa na mafuta yake, tamales unga umekandwa na mafuta yake. Doña ndie aliyenionya kabla sijajilisha, na akawa akipika za nyumbani ananitengea za pilipili na jibini kwa mafuta ya mimea, amezifunga uzi mwekundu zisichanganyike. Ramadhani ilikuwa kazi yake kuangalia saa.

Siku moja nikawapikia ugali, wa unga mweupe, najivunia. Doña akaonja akasema haya mahindi mabichi haya. Kwao mahindi hayasagwi hivihivi, yanachemshwa na chokaa, yanalala usiku kucha, asubuhi yanaoshwa maganda yanatoka ndo yanasagwa yakiwa laini. Nilidhani ni mapishi tu kumbe ni elimu ya kale ya watu wa Meksiko, chokaa inafungua vitamini ambayo ukila mahindi makavu matupu mwili hauipati. Wazungu waliyachukua mahindi wakaacha chokaa, maskini wao waliokuwa wanaishi kwa mahindi matupu wakaugua pelagra, ngozi inababuka mpaka akili inachanganyikiwa, na Afrika tuliletewa mahindi bila maelezo vilevile. Na mahindi yenyewe ni ya kwao, kule Meksiko ndo yalikoanza kulimwa miaka kama elfu 9 iliyopita, nyanya na pilipili na parachichi nazo zimetoka upande huohuo, muhogo na karanga Amerika ya kusini. Ondoa vitu vyao kwenye sahani ya Tanga tunabaki na wali na nazi, sio vibaya sana lakini.

Kipindi kigumu kabisa jikoni kilikuwa pale walipokuja Wavenezuela. Gavana wa Texas alianza kupakia watu kwenye mabasi kuwaleta Chicago mwisho wa Agosti 2022, ndani ya miaka miwili wakawa zaidi ya elfu 50, familia zinalala sakafuni kwenye vituo vya polisi, baridi ya Chicago na watu wamevaa kandambili. Nilidhani Walatino watawapokea kwa mikono miwili na wapo waliofanya hivo, Doña alipeleka mablanketi na sufuria zima la supu. Lakini baada ya muda manung'uniko yakaanza maana serikali ikawapa wengi wao vibali vya kazi, ulinzi wa muda kwa watu wa nchi yao, na Doña yuko hapa toka watoto wake hawajazaliwa hana hata kile kikaratasi. Dada wa Guerrero alisema wazi, mimi nimekata kuku wa nchi hii miaka yote hii, huyu wa jana anapewa karatasi. Mvenezuela mmoja kijana akajibu kwamba amepita msitu wa Darién, ule wa kati ya Kolombia na Panama, na mtoto wa miaka mitatu, ameona maiti njiani, hakuja kumnyang'anya mtu. Wote wako sahihi. Nikakaa kimya maana mimi wa loteri ndo sina kabisa la kusema kwenye ule ugomvi. Meneja akaja akauliza kuna nini, wote kwa pamoja wakasema hakuna kitu bosi.

Vile vibali vyenyewe ni vya muda, leo ipo kesho serikali imebadilika inafutwa, yule kijana akaja kuelewa woga wa Doña na wakaanza kuagana asubuhi kwa maneno ya dua. Baadae alimletea arepas, mikate ya mahindi ya kwao, Doña akala akasema sio mbaya, unga wake haujapita kwenye chokaa.

Nimalizie na sherehe maana mdogo wangu anapenda sherehe. Binti wa Doña alipofika miaka 15 walimfanyia quinceañera, kanisani misa, halafu ukumbini gauni kama harusi, wavulana na wasichana wa kusindikiza, dansi ya waltz na baba, baba kumvalisha kiatu kirefu cha kwanza. Nikawa najiuliza mama wa kukata matunda hii hela kaitoa wapi, kumbe wana mfumo wa padrinos, yaani kila kitu kina mdhamini wake, kuna wa keki, wa taji, wa muziki, wa viatu, wa ukumbi, majina yanaandikwa kwenye kadi na yanasomwa mbele ya watu. Sisi tuna kamati na kadi za mchango, wao hawana kamati, Doña mwenyewe anakuja na daftari wakati umeshika kisu mikono ina juisi ya embe, huwezi kukimbia. Mimi nilipewa keki. Ghorofa tatu jamani. Na ukishakuwa padrino umekuwa ndugu, ananiita comadre mpaka leo, akija nyumbani hagongi.

Sasa wa pili nae anatimiza 15 mwakani, daftari limeshanifikia kwa WhatsApp, nimeandikiwa muziki. Nimemwambia comadre, didjei wa Chicago ni ghali kuliko keki, kanijibu basi mlete mdogo wako anakuja, si ulisema ana sauti.